Karatasi za kupima ulimi zilivyotaka kuvunja ndoa ya dada yangu, Kabungu

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wadogo, marahaba.

Mimi ni mzee sasa, kwa hiyo sina faida yoyote ya kuja kudanganya watu humu. Kisa hiki nilikisababisha mwenyewe, na wenye kisa bado wako hai. Nimewaomba ruhusa. Shemeji kakubali, dada kaguna tu, nami nikahesabu kuwa kakubali.

Twende kazi.

Miaka ya sabini, watu wakiwa ndio kwanza wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Project yangu ilikuwa ya genetics.

Kuna kemikali inaitwa PTC. Inapakwa kwenye vipande vidogo vya karatasi. Ukitafuna kipande, kuna watu wanasikia uchungu wa ajabu, na kuna watu hawasikii chochote, wanaona wanatafuna karatasi tu.

Hiyo tofauti inarithiwa. Kanuni tuliyofundishwa ilikuwa hivi: baba na mama wote wakiwa hawasikii uchungu, mtoto wao naye hasikii.

Ishikeni hiyo kanuni, maana ndiyo iliyonitia matatani.

Supervisor alitaka familia nyingi za kijiji kimoja. Kwetu ni Kasokola, lakini nikachagua Kabungu kwa sababu dada yangu Paskazia aliolewa huko na shemeji Anselmi, fundi baiskeli. Yaani kulala bure, kula bure.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Yustina, miaka saba. Walimpata baada ya kusubiri sana, mpaka ndugu wa mume wakawa wameanza maneno.

Katekista akanitangazia Jumapili baada ya ibada. Watu wakapanga foleni barazani kwa kanisa, mimi nimesimama mbele na lab coat jeupe, mikono yake mirefu kuliko yangu.

"Fungua mdomo. Toa ulimi." Naweka karatasi. Anayefuata.

Watu wazima walikuwa na nidhamu mpaka nikaona raha. Mtu anafumba mdomo, anainamisha kichwa, anasogea pembeni taratibu. Bibi mmoja aliitikia "Amina" kabisa. Nikacheka kimoyomoyo, nikaendelea kuandika.

Nawauliza, umesikia nini? "Hamna kitu, mwanangu." Sufuri. Mwingine, hamna kitu. Sufuri.

Watoto sasa. Walitafuna, wakatema, wakalia, wakafuta ndimi kwa mashati. Yustina alininunia mpaka kesho yake. Wote nikawawekea alama ya kujumlisha.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza imekuwaje kijiji kizima wakubwa hawasikii na watoto wanasikia. Mimi nilifurahi daftari linajaa.

Kesho yake mchana tunakula ugali na dagaa wa Ikola, shemeji akaniuliza zile karatasi ni za nini. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba shule siyo bure. Nikamwaga kanuni yote, mwanzo mwisho.

Shemeji ni mtu wa kufikiri polepole, lakini akianza haachii njiani. Akanawa mkono.

"Shemeji, kwenye daftari lako sisi umetuandikaje?"

Wakuu, ningesema daftari limelowa. Ningesema lolote. Nikafungua, nikasoma kwa sauti: Anselmi, sufuri. Paskazia, sufuri. Yustina, jumlisha.

Dada akaacha kutafuna.

"Soma tena," shemeji akasema.

Nikasoma tena. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Asubuhi nikakuta sanduku la dada limepandishwa kwenye keria ya baiskeli, shemeji anakaza mpira wa kufungia.

"Nampeleka Kasokola kwa baba. Nyie mtanieleza hukohuko huyu mtoto ni wa nani."

Dada alikuwa amekaa kizingitini, macho mekundu. Hakuwa anamwangalia mumewe, alikuwa ananiangalia mimi.

"Hicho ndicho ulichoenda kusomea?" akaniuliza.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Dada aliyenibeba mgongoni, mimi ndiye nimemvunjia nyumba kwa kalamu ya risasi.

Nikaanza kujitetea ovyo. Nikasema labda karatasi zimeharibika njiani kwenye treni. Nikachomoa moja mfukoni, nikaitia mdomoni, nikatafuna mbele ya shemeji aone. Mimi ni wale wa uchungu, uso ukajikunja wenyewe.

Shemeji akaachia ule mpira.

"Kumbe inatafunwa?"

"Kwani wewe ulifanyaje?"

"Nilimeza. Mtu kaniwekea kitu ulimini, tena kanisani, nitafune?"

Kwa wasiojua: enzi zile, kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, tulikatazwa kabisa kugusa kwa meno hostia, ule mkate mtakatifu padri anaokuwekea ulimini. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na bado nilisimama barazani kwa kanisa nimevaa jeupe, nikawaambia watu watoe ulimi bila kuwaambia watafune. Karatasi ilishuka tumboni hata haijaloa. Waliotafuna ni watoto ambao hawajaanza mafundisho.

Nikampa shemeji nyingine. "Tafuna."

Akatafuna mara mbili. Machozi yakamtoka, akakimbilia mtungi, akatema mpaka kuku wakahama uwanja.

"Chungu," akasema. "Chungu kuliko klorokwini." Na akawa anacheka, mwenzangu, anacheka na kulia.

Dada hakucheka. Nilimnyooshea naye karatasi nipate jibu lake, akaniangalia tu mpaka nikairudisha mfukoni. Kisha akamgeukia mumewe.

"Hilo sanduku usilishushe. Sasa nakwenda kwetu mwenyewe."

Akaondoka na mtoto wake. Mimi nikabaki kurudia kijiji kizima upya, safari hii nasimamia kila taya. Kwenye project yangu nafasi ya Paskazia iko wazi mpaka leo.

Wiki mbili baadaye shemeji akafika Kasokola na mshenga na mbuzi, mimi nikiwafuata nyuma. Wakakalishwa. Baba, ambaye dada hakuwa amemweleza kitu, akauliza, "Haya mkwe, kosa lako ni lipi?"

Shemeji akainama.

"Nilimeza karatasi, baba."

Baba akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi, akamgeukia mshenga. "Huyu anaumwa?"

Kicheko cha kwanza kilitoka jikoni, na kilikuwa cha dada. Jioni ile alikubali kurudi Kabungu.

Funzo langu: kabla hujamuuliza mtu amesikia nini, hakikisha amefanya kile unachodhani amefanya. Na majibu ya nyumba ya mtu hayasomwi kwenye sinia la ugali.

Halafu kuna hili. Juzi juzi nimesoma kwamba hata ile kanuni siyo kamili, wazazi wasiosikia uchungu wanaweza kabisa kuzaa mtoto anayesikia. Yaani hata kama wote wawili wangetafuna wakakosa kitu, dada angekuwa hana kosa lolote.

Nikampigia shemeji kumweleza.

"Basi yule mbuzi alikuwa mdogo," akasema.

Wenye visa vya utafiti vijijini shusheni hapa chini, na wa kunicheka nao wasijizuie.