Kidole Kilichochelewa Kupata Habari

Wapendwa, niruhusuni niongee nimesimama. Tangu niugue, kutulia kwangu ni kazi. Mimi ni mkulima wa viazi hapa milimani, nje ya Mbeya mjini. Zamani nilibeba gunia zima toka shambani mpaka barabarani, huku naimba.

Mwaka jana wakati wa mvua, buti zangu za shamba zilianza kunibana. Nikamgombeza mke wangu, Mama Neema: "Umezianika karibu na moto, zimesinyaa!" Akakana. Nikanunua namba kubwa. Baada ya wiki tatu nazo zikabana. Mwenzenu nikasema mpira wa siku hizi feki! Kumbe miguu imejaa maji, ukibonyeza panabaki shimo.

Usiku ikawa vita. Nikilala chali, nakabwa. Mto mmoja, miwili, mitatu, mwisho nalala nimekaa. Nashtuka, nafungua dirisha, narudi, natoka tena. Mama Neema akaniambia, "Baba Neema, ukisinzia unanyamaza kabisa. Nahesabu mpaka ishirini ndo unavuta hewa. Mi naogopa." Nikamkaripia aache kuhesabu. Niliogopa kuliko yeye.

Akanipeleka hospitali kwa lazima. Wakanilaza usiku kucha kupima usingizi wangu, mikanda kifuani, mpira puani na kibanio cha oksijeni chenye taa nyekundu kidoleni. Asubuhi daktari akanionyesha mistari kwenye kompyuta.

"Baba, hapa pumzi imerudi. Sasa tazama oksijeni ya kidoleni, inachelewa sana kupanda. Damu inajikokota kutoka mapafuni mpaka kidoleni. Nina wasiwasi na moyo wako. Lakini kipimo hiki peke yake hakitoshi, twende tuupime moyo wenyewe."

Wakaupima siku hiyohiyo. Ulikuwa umetanuka na unasukuma kwa shida. Nikauliza, "Nakufa?" Akajibu, "Ungechelewa zaidi, ndiyo."

Nikaanza vidonge. Chumvi nikaaga. Wiki ya kwanza nilikojoa kama ng'ombe, miguu ikanywea. Miezi baadaye wakarudia kipimo cha usingizi: kidole hakichelewi kama mwanzo.

Vidonge ni vya maisha, na bado kuna siku nahangaika. Ila shambani nimerudi, taratibu. Ndugu zangu, miguu ikivimba msitafute mchawi wala fundi viatu. Na mkeo akisema unaacha kupumua, msikilize.

Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari. Mama Neema, juzi niliamka alfajiri nikakukuta umelala fofofo, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu niugue. Nililia, jamani.