Buli la Mama na Fomu Yangu

Asubuhi moja mwaka 1971 nilikunywa chai nyumba tano za Ng'ambo, mjini Unguja, na zote tano nilimiminiwa kwa buli moja.

Sisemi mabuli yanayofanana. Lile lile, mdomo umemeguka. Niliumegua mimi, Sikukuu jina langu, nikiwa na miaka tisa.

Buli la mama yangu.

Nilikuwa nasomea elimu ya jamii bara, nimerudi likizo, kichwa kimenivimba. Ofisi moja ya serikali ikatutuma mimi na mwenzangu Shamsi tuandike kila nyumba ina nini. Asiye na kitu apewe nyumba ya ghorofa. Mwenye saa, viti na vyombo vya chai, jina linakatwa.

Nyumba ya tano ilikuwa ya Bi Mwanapili, mjane, mshona kofia. Masika hayo, na paa lake la madebe linavuja. Tone likaingia kikombeni mwangu.

"Bi Mwanapili, buli hili la mama."

"Langu."

"Na saa ile?"

"Yangu."

Saa yenyewe, ya ukutani, ilikuwa imelazwa kitandani, haijapata msumari.

"Bi, nikiandika unavyo, nyumba huipati. Niandike huna?"

Akaweka sindano chini.

"Weye nimekuogesha mimi. Leo uniandike fukara, wakasome watu nsiowajua? Andika nnavyo!"

Nikaandika anavyo. Roho iliniuma, wallahi. Chai niliimaliza.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama.

"Mama, umewaponza wenzio! Vyombo vyako vinanitangulia kwa mlango wa uani!"

"Ala! Mgeni wa serikali anywee kopo? Tena mgeni mwenyewe mwanangu?"

Nikabeba fomu zangu, nikatoka.

Ofisini nikamkuta Shamsi ameshika tama.

"Leo nimeona ufukara. Bi mmoja kakaa chini, kabati tupu, ukutani msumari tu. Namuuliza saa ipo? Haipo. Viti vipo? Havipo. Nimemweka wa kwanza."

"Anaitwa nani?"

"Bi Mashavu."

Bi Mashavu ni mama yangu.

Nikamkimbilia mkubwa wetu, nikamweleza yote. Akafunua fomu taratibu.

"Hii ya Bi Mwanapili kaandika nani?"

"Mimi."

"Basi."

Mama akapata nyumba. Bi Mwanapili akakatwa, kwa mwandiko wangu mzuri.

Siku aliyokabidhiwa ufunguo nilimwambia mama kwa hasira, "Ungesema kweli!"

"Mwenzio kaniuliza kama vipo. Havikuwepo."

Kisha akajitanda kanga, akaenda kwa Bi Mwanapili, akambebea cherehani yake kichwani.

"Wamenipa vyumba viwili," alimwambia. "Mimi na buli langu kimoja kinatutosha."

Wakaishi pamoja miaka kumi na minane. Walinuniana karibu kila wiki.

Mimi nimezeeka nikifundisha watu kupima nani anacho na nani hana. Somo la kwanza ni hili: ukikuta kitu nyumbani kwa mtu, usiandike mpaka ujue kimetoka kwa nani. Na yule uliyemkuta hana kitu, muulize vyake viko kwa nani.