Kirusi Ndani ya Kisima cha Baba

Kaka yangu Uweso ana maneno mengi juu ya kila jambo, ila kisima. Akikitaja kisima hushusha sauti. Baba yetu alikichimba kwa mikono yake karibu na msikiti, hatua sitini kutoka mto Zigi, akakifanya wakfu, ili kila mtu anapokunywa, thawabu zimfikie yeye baba kaburini. Pampu ya serikali ilipokufa mwaka 1983 kwa kukosa vipuri, kijiji kizima kilirudi kwa baba.

Sasa mtu akimwambia Uweso achemshe maji yale, amemtukana. "Maji ya wakfu hayachemshwi," alimwambia mkewe Mwanaima mbele yangu, akaliepua sufuria mwenyewe. Nami nilinyamaza, Mungu anisamehe.

Masika ya 1992 kipindupindu kilituchukulia watu tisa. Wa tisa alikuwa Samira, binti yake wa miaka sita. Mwanaima alikuwa Muheza msibani wiki nzima, mtoto kabaki na baba yake. Tangu hapo kaka hakulala vizuri. Alitaka kujua jambo moja tu: yalikuwa maji ya baba, au hayakuwa?

Kiangazi akaja Bi Praxeda, mtaalamu wa maji kutoka Dar es Salaam, na chupa ya virusi. Neno lenyewe liliwatia watu mbioni, maana siku zile virusi tulivijua vya Ukimwi tu. Akaeleza kwa subira kwamba hivi havimdhuru mtu wala ng'ombe. Vinakula bakteria wa aina moja basi. Vitamwagwa mtoni, chini ya vyoo vya kambi ya mkonge, kisha atavitafuta kisimani. Vikifika, ujue na uchafu wa vyoo una njia ya kufika. Uweso, mhudumu wa ile pampu ya serikali isiyofanya kazi, akajitolea kumwaga.

Alimwaga saa nne asubuhi. Adhuhuri alikuwa msikitini anatia udhu, kata mkononi, ndoo ya kisima mbele yake. Alasiri Bi Praxeda akachota maji ya kupima. Kesho yake sahani zake, alimootesha bakteria na kuwatilia maji yale, zilikuwa na vitundu tele, kila kitundu mahali kirusi kilipokula.

Jioni ile kaka alinijia mjini, Makorora nilikoolewa.

"Mwanamkasi, ni mikono yangu. Nimetoka kumwaga, nikaitumbukiza ndooni, na ndoo ikarudi kisimani. Nikisema, jina langu litaingia kwenye orodha ya kupunguzwa kazi."

"Usiposema, watafunga kisima cha baba kwa kosa lako."

Akasema. Watu wakamcheka, mtu na kisima chake. Bi Praxeda hakucheka. Alijilaumu mwenyewe kwa kutouliza atakwenda kuswali wapi. Akaleta virusi vya aina nyingine visichanganyike na vile vya kwanza, akamwaga kwa mkono wake, na Uweso akaambiwa akae kwangu mpaka kazi iishe.

Siku nne zile sizitamani tena. Kaka chakula hakigusi. Kila akitoka kuswali ananiuliza, "Ilikuwa mikono yangu tu, siyo?" Namjibu inshallah. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, yeye na sufuria lake. Mara moja nilitaka kumwambia hivyo usoni, nikamwona anaiosha mikono kwa sabuni mara ya tatu, nikaacha.

Siku ya tano tulirudi kijijini. Bi Praxeda alikuwa barazani kwa Uweso, sahani tatu mezani.

"Ya siku ya kwanza haina kitu," alisema. "Ya pili haina kitu. Ya tatu hii."

Ilikuwa na vitundu vinne. Nilivihesabu mara mbili.

"Vimepita chini kwa chini kutoka mtoni. Pole sana, Bwana Uweso. Inabidi kifungwe."

Kaka hakumtazama. Alimgeukia mkewe aliyekaa kizingitini.

"Miaka yote tunakunywa humo. Mbona kabla ya masika yale nyumba yangu haikuugua? Mwambie, Mwanaima. Mwambie kama tuliwahi kuugua kabla ya hapo."

Mwanaima hakuinua sauti.

"Nilikuwa nachemsha, baba Samira. Ukitoka tu nachemsha, nayapoza, nayarudisha mtungini. Wiki ile sikuwapo."