Simu Ndani ya Sufuria

Siku niliyofika Katumba kwa mazoezi ya uchungaji, mwenyekiti wa wazee wa kanisa alinipokea kwa mikono miwili, akanivutia kiti cha plastiki, kisha akaniomba simu. Niliitoa. Mkewe akaleta sufuria, akaiweka simu humo, akafunika kwa mfuniko, na juu ya mfuniko akaweka jiwe. Ndipo chai ikamiminwa.

"Usikasirike, mtumishi," mwenyekiti alisema. "Nyie watu wa redio tunawajua."

Sikukasirika. Kwa miaka minane nilikuwa mwandishi wa redio mjini Mpanda, na najua tunavyofanya. Simu unailaza mezani kifudifudi, unauliza habari za mvua na mahindi, na mwenyeji anasahau kwamba inanasa kila neno. Kilichonishangaza ni lile jiwe. Nani aliwaambia kwamba sauti huzuiwa kwa jiwe? Hapo hapo nikaanza kukitafutia kisa hicho kichwa cha habari, ugonjwa ambao miaka miwili ya chuo cha Biblia ilikuwa haijauponya.

Nilipoaga kazini, mhariri wangu hakuniamini. Alifunga mlango wa studio, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sema kweli, kaka. Unamfuatilia nani huko?" Nikamwambia simfuatilii mtu, nimeitwa. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akanisihi habari ikiiva nisiipeleke kwenye redio nyingine. Mama yangu, mkulima wa mpunga kule Mpimbwe na Mkatoliki wa kuzaliwa, alishuku kuna mlokole wa kike aliyeniteka akili. Na mimi nilijishuku kuliko wote hao. Nilizoea kutafuta vyanzo viwili kabla ya kuamini jambo. Wito wangu ulikuwa na chanzo kimoja tu, nacho kilikuwa mimi.

Ila mwanzo wake naujua. Mwaka mmoja kabla ya kuacha kazi nilikuja kanisa hili hili kuandaa kipindi. Mama mmoja wa kwaya, mjane, alikuwa ametoa ushuhuda mbele ya watu kwamba mguu wake mbovu umepona baada ya kuombewa. Nilimfuata nyumbani. Simu ikalala kifudifudi juu ya kigoda, tukawa tunamenya karanga. Akaniambia mguu bado unamuuma, ila waliomwombea walifurahi sana hata akaona aibu kuwaambia. Akaniomba nisimtaje. Sikumtaja. Nilimwita "muumini mmoja wa Katumba", nikarusha sauti yake dakika nzima, na ofisini nikapongezwa.

Jina nililificha, sauti nikaiacha wazi. Kule redio haikosi nyumbani, na sauti ile yenye lafudhi ya Kirundi, inayokatwa na kikohozi kidogo kila baada ya maneno machache, ilijulikana kabla kipindi hakijaisha. Wakamtoa kwenye kwaya kwa kusema uongo madhabahuni. Nililijua hilo miezi kadhaa baadaye, nilipokuja tena kwa habari ya tumbaku siku ya Jumapili. Ibada ilikuwa inaendelea ndani. Yeye alikuwa ameketi nje, chini ya dirisha, anaimba sauti ya pili peke yake.

Niliona haya, sikuthubutu hata kumsalimia. Tangu siku hiyo nikaanza kwenda kanisa la jirani na nilipopanga, Shanwe, nikikaa benchi la mwisho. Baada ya miezi mingi ya benchi lile niliandika barua ya kuomba nafasi chuoni. Sasa chuo kilikuwa kimenirudisha kwa wale wale, na sikujua kama ilitokea tu au kuna mtu aliyepanga.

Utaratibu ni kwamba mazoezi yakiisha, mwenyekiti wa wazee humwandikia mkuu wa chuo barua ya siri. Ikiwa mbaya, mwanachuo anafungasha na kurudi alikotoka. Kwa hiyo kila nilichotendewa nilikikagua. Nililala kwa mwenyekiti, na simu ilibaki kwenye sufuria. Kila asubuhi chapati za moto, nikajiuliza za nini. Nikiingia kikaoni, wazee wanahamia Kirundi, lugha yao nisiyoielewa. Kila nyumba niliyokwenda kuombea, mwenyekiti alikuwa kando yangu na baiskeli yake, na nyumba ya yule mama tulikuwa tunaipita tu.

Wiki ya mwisho mama huyo mwenyewe alitusimamisha njiani. Akamwomba mwenyekiti asubiri kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kwa sababu ana neno na mtumishi. Mwenyekiti alikwenda huku ananung'unika.

"Wewe ndiye yule wa redio," mama alisema tulipoketi uani kwake.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Simu iko wapi?"

"Kwenye sufuria kwa mwenyekiti. Wameweka na jiwe juu."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikaanza kuomba msamaha, nikashindwa kufika mwisho, nikalia. Sikuwa nimelia vile tangu tumzike baba. Aliniacha nilie, yeye akiendelea kuchambua maharage kwenye ungo.

"Hayo yamepita, mwanangu," akasema. "Nimekuita kwa jambo lingine. Sijamwambia mtu. Hawa wengine hawajui neno la mtu likitoka linavyomuumiza mwenyewe. Wewe umeliona kwangu."

Akaniambia. Tukaomba, tukaagana.

Hatukufika mbali, mwenyekiti akasimama. "Amekwambia nini?"

"Muulize mwenyewe, mzee."

"Sisi ndio wazee wake. Wewe ni mgeni hapa." Akaupangusa usukani wa baiskeli, ingawa haukuwa na vumbi. "Na barua ya chuo naandika mimi."

Niliogopa, sitaki kudanganya. Niliwaza mhariri atakavyocheka nikirudi kuomba kiti changu, na mama yangu atakavyosema alijua tangu mwanzo. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lingeisha kabla hatujafika kwenye kona.

"Muulize mwenyewe, mzee," nikarudia. Kesho yake hapakuwa na chapati.

Barua alinikabidhi mimi niibebe, bahasha imefungwa kwa gundi na mhuri wa kanisa umepigwa juu ya mkunjo. Nilipofika stendi ya Mpanda niliiinua juani. Nakiri. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara tatu, nikaambulia neno moja tu: "hatuwezi". Nilisafiri na neno hilo njia nzima, nikiliongezea maneno mengine, yote mabaya.

Mkuu wa chuo aliisoma mara mbili. Kisha akanisomea mstari mmoja kwa sauti: "Tulimuuliza habari za muumini wetu, akakataa kutuambia. Hatuwezi kujua ana siri zetu ngapi."

"Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli, mkuu."

Akaikunja barua. "Huyo muumini alikuambia nini?"

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Nikaitazama meza. Simu yake ilikuwa karibu na kiwiko, imelazwa kifudifudi.

"Mtafute umuulize mwenyewe," nikasema.

Hakucheka wala hakukunja uso. Akavuta droo, akatoa fomu ya kujiandikisha mwaka wa mwisho, akanisogezea pamoja na kalamu. Nikaijaza pale pale, jicho moja likiwa kwenye ile simu.