Mpini Mnene

Fundi cherehani anayesoma katika darasa la usanifu wa bidhaa hukaa kwenye kompyuta ya pili kutoka dirishani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Kipanya hukisukuma kwa kiganja kizima, taratibu, kama anayepiga pasi kola. Kabla ya kubofya hulamba kidole, kisha hujicheka. Kila anachochora hukiongezea nusu inchi pembeni, ile nafasi ya mshono, na kila mara mwalimu, kijana wa umri wa mwanawe, humwambia, "Mama, plastiki haishonwi." Naye hujibu, "Mkono umezoea, mwalimu," akafuta.

Siku ya kukabidhi kazi za mwisho, mashine ya kuchapa maumbo ilimtolea mpini wa kikombe mnene kama gunzi la hindi. Mwalimu aliugeuzageuza, akashusha pumzi. "Umesahau tena, mama. Sasa nikupe alama gani?"

"Leo sikusahau. Nilimpima mwenye kikombe mara tatu." Akamwita dada yake aliyekuwa akingoja mlangoni, ambaye tangu augue vidole vyake havikunjiki hadi mwisho, na chai hunyweshwa. Fundi akaufunga mpini kwenye kikombe, akamimina maji hadi ukingoni. Hakumsaidia, alikuwa ameshaanza kuikunja futi yake. Dada alikishika kikombe, akakiinua mwenyewe, akanywa, akakirudisha mezani bila kumwaga hata tone.

"Ongeza, mdogo wangu," alisema. "Ila safari hii iwe chai."