Siku tulipoapa kutoongeza konzi ya maharage gulioni Omurushaka

Wakuu, amani ya Bwana iwe nanyi. Wa kuniamkia humu ni wengi, marahaba. Wa kuamkiwa na mimi sidhani kama wamebaki, ila kama yupo, shikamoo.

Nimesoma vijana wakilalamika kwamba wafanyabiashara hujipangia bei wanavyotaka. Wengine labda. Mimi nilikuwa mfanyabiashara ambaye hakuweza kupanga bei hata kwa kiapo. Nasimulia niliyoyaona mwenyewe, na Mungu ananisikia. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimeolewa Rugu, bado mke mpya.

Machimbo ya bati kule Kyerwa yalikuwa na wafanyakazi wengi, na siku ya gulio walikuja Omurushaka na magunia kununua chakula. Mwanzoni wauza maharage tulikuwa wachache. Nilirudi nyumbani nikiimba. Hata taa ya chemli niliipata kwa maharage.

Habari ikasambaa. Kila gulio nikakuta mikeka mipya ya wauza maharage. Nani angewazuia? Kiwanja ni cha wote, na maharage kila mtu anayo.

Sasa sikilizeni bei ilivyoshuka bila mtu kuitaja.

Tuliuza kwa kibaba. Ukishakijaza, unaongeza konzi moja juu, yaani mkono mmoja uliojaa, ndiyo nyongeza. Ni heshima kwa mnunuzi. Bei ya kibaba haikubadilika, ila konzi moja ikawa mbili, mbili ikawa mlima. Mnunuzi akiona mlima wa jirani ni mrefu, anauruka mkeka wako kama anaruka tope. Maharage yangu na ya jirani yalikuwa yale yale. Kwa nini anitazame mimi?

Tukafika mahali mtu akirudi nyumbani, alichopata kinalingana tu na jasho la kulima na kubeba, faida hakuna. Basi.

Ma Yustina, mjane aliyeheshimika kanisani kwetu, akatukusanya Jumapili baada ya ibada.

"Gulio lijalo kibaba kinafutwa kwa kiganja hadi usawa wa mdomo," alisema. "Hakuna konzi. Atakayeongeza, akifiwa asitutazamie."

Kwetu hilo ni neno zito. Nani anataka kuzika peke yake? Tukaapa wote.

Katikati ya juma hilo mume wangu Erasto alijikata mguu kwa panga akipunguza migomba. Ukavimba, ukaanza kuwa mweusi, homa ikapanda. Siku ya gulio wanaume wakambeba kwa machela hadi Omurushaka, kwa sababu lori la kahawa lililokuwa likielekea Bukoba lingepita karibu na hospitali ya misheni.

Dereva alikuwa na neno moja tu: "Nauli mkononi."

Nauli ilikuwa ndani ya kikapu changu, bado ni maharage.

Wakamlaza kwenye baraza ya duka. Kutoka mkekani kwangu nililiona blanketi lake.

Wachimbaji wakaja. Wakaona vibaba vimefutwa.

"Jamani, leo vibaba vimenyolewa upara!" mmoja akapiga kelele.

"Upara huohuo ndio utakula," akajibu Paskazia, jirani yangu wa mkeka. Watu wakacheka.

Lakini hawakununua. Walikunja mikono, wakangoja tuchoke. Na sisi tukangoja waone njaa.

Ng'ambo ya barabara utingo wa lori alikuwa akipakia magunia ya kahawa. "Tukijaza tunaondoka!" Kila gunia lililopanda nilihisi limewekwa kifuani mwangu.

Ndipo wakatokea wanawake kutoka Nyakasimbi, vikapu kichwani. Walikuwa wamesikia Omurushaka maharage yanalipa. Kiapo chetu hawakukijua. Wakatandika, wakajaza, wakaweka mlima.

Wachimbaji wakatuacha kama kuku waliotupiwa mtama upande wa pili.

Paskazia akaninong'oneza, "Mwaga konzi. Ma Yustina haangalii."

Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya kikapu. Nilimwomba Mungu. Kisha niliutoa mtupu, nikainuka, nikaenda kupiga magoti mbele ya Ma Yustina.

"Mama, waitu, nakusihi, nifungue kiapo. Mume wangu yuko pale barazani."

"Unadhani sijamwona?"

Gunia jingine likapanda.

"Nikikufungua wewe nimewafungua wote."

"Najua, mama."

Aliwatazama wale wa Nyakasimbi kwa muda. "Na wale nao wana watoto," akasema, kana kwamba anajijibu mwenyewe.

Akainuka, akaja mkekani kwangu, akachukua kibaba changu. Akajaza. Akaongeza konzi juu ya konzi hadi maharage yakaporomoka mkekani.

"Njooni! Mlima uko huku!"

Kisha akawageukia wenzetu. "Kiapo nimekivunja mimi, siyo binti huyu. Nikifiwa, msije."

Kila mmoja aliingiza mkono kikapuni.

Niliuza yote, kwa mlima ule ule wa Nyakasimbi. Ningepunguza konzi moja, ningebaki na maharage yangu. Utingo alikuwa akifunga kamba tulipompandisha Erasto juu ya kahawa.

Alipoteza vidole viwili vya mguu. Mguu ulibaki. Tulilea watoto, na nilimzika akiwa mzee wa mvi. Bwana asifiwe.

Msimu uliofuata Paskazia alihamia karanga. Wengine wakarudi kusuka mikeka. Wa Nyakasimbi waliona njia ni ndefu kwa faida ile, wakaacha. Wauzaji tulivyopungua, mlima nao ukashuka hadi konzi moja, na hakuna aliyeapa. Mimi nilibaki kwa kuwa shamba letu lilikuwa karibu na barabara.

Mjukuu wangu alifundishwa shuleni kuhusu soko la ushindani kamili. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimelikalia hilo.

Nilichojifunza ni kwamba soko halikuwa na chuki nami. Halikumjua Erasto, wala si kazi yake kumjua. Ma Yustina ndiye aliyemjua. Tangu hapo sijamlaumu muuzaji mdogo kwa bei, na sijaacha kumshukuru Mungu kwa watu.

Miaka ikapita, Ma Yustina akafiwa na kaka yake. Alikuwa amesema tusije. Tulikwenda wote, hata wanawake wawili wa Nyakasimbi, kila mmoja na kibaba cha maharage ya matanga, na hapakuwa na hata kimoja kilichofutwa kwa kiganja.

Haya, wakuu. Wewe uliyewahi kuuza kitu ambacho kila jirani anacho, ilikuwaje siku wanunuzi walipouruka mkeka wako? Andika hapa chini, nitasoma polepole.