Shubiri ya Pili

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nalisema hilo mapema ili aibu ikae mbele kabisa, nisije nikaificha katikati ya maneno. Kila mwaka nachora mfumo wa uzazi ubaoni, wanafunzi wanachekea kwenye daftari, nami nawakemea. Halafu mwanangu wa kwanza alipofika miezi mitano, nikamwachisha ziwa kwa sababu ya mimba ambayo haikuwepo.

Siku zangu zilirudi mara moja alipotimiza miezi minne, zikakaa siku mbili, zikapotea. Mwezi uliofuata kimya. Asubuhi nikaanza kusikia kichefuchefu, na jirani akikaanga vitunguu nakimbilia chooni. Kwetu Uluguru, na wala si kwetu tu, mama anayenyonyesha akishika mimba, maziwa yake yanahesabiwa kuwa sumu kwa aliye kifuani. Mtoto anakonda, anaharisha, miguu inalegea, na kila anayemtazama anajua wazazi wake walikosa subira. Watasema wamembemenda. Sijui neno jingine linaloweza kumvua mzazi nguo hadharani namna hiyo.

Kipimo cha mkojo kipo kila duka la dawa. Lakini duka la karibu na nyumba yangu, hapa Kingolwira, ni la mama mmoja ambaye nawafundisha watoto wake wawili. Ningemwambia nini? Angejiuliza: huyu hata kukaa hajaweza, mwalimu anamtafutia mdogo wake? Niliogopa macho ya yule mama kuliko nilivyoogopa kukosea. Baba wa mtoto alikuwa kikazi Dodoma, na kwenye simu naye alisema niwasikilize wakubwa. Basi nikampigia mama yangu, aliye kijijini Matombo.

"Acha leo leo," akasema. "Usije ukambemenda mjukuu wangu. Mlete huku."

Jirani yangu alikuwa na mshubiri kwenye ndoo kuukuu ya rangi. Akanikatia jani, akanionyesha jinsi ya kukamua ule utomvu mchungu wa manjano na kuupaka kwenye chuchu. Nikapaka nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa, nikampa mwanangu ziwa. Akavuta mara mbili, akaacha. Hakulia hapo hapo. Alinitazama kwanza, uso umekunjamana, kama anangoja nimweleze. Akajaribu tena, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Siku ya tatu nilikuwa nikigusa tu kifungo cha blauzi, anageuza uso ukutani.

Nikampeleka Matombo na makopo ya maziwa na chupa mbili mpya. Kesho yake nikarudi kazini, kifua nimekifunga kanga kwa nguvu. Maziwa yakajaa, yakauma, nikaingia darasani na homa. Baada ya wiki moja yakakata. Kila nilipopiga simu mama alisema mtoto hajambo, na mimi nikaamini kwa sababu ilinifaa kuamini.

Siku ya ishirini na moja tangu nimpeleke, kipindi cha nne, niliona damu chooni shuleni. Nilikaa mle mpaka kengele ya mapumziko ikapigwa. Nilicheka kwanza, nikamshukuru Mungu, kisha nikaelewa nilichokuwa nimefanya, nikajiziba mdomo na upindo wa kitenge ili watoto wa nje wasinisikie. Mwalimu mkuu akanipa ruhusa bila kuuliza. Nadhani uso ulimtosha.

Nilishuka basi Mkuyuni, nikapanda bodaboda, njia imejaa tope, nikimhimiza dereva kama mtu aliyeitwa msibani. Nilipiga hodi, hakuna aliyeitika. Nikazunguka nyuma, kwenye migomba. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta, amemkumbatia mwanangu. Mtoto alikuwa ananyonya ziwa la bibi yake.

"Mama! Unamfanya nini mwanangu?"

Hata shikamoo sikumpa. Akavuta kanga, akajifunika haraka kama msichana aliyefumaniwa. "Alikataa chupa," akasema. "Alilia siku tatu. Nikampa langu la kumbembelezea tu. Ungefanyaje?"

Nilimnyang'anya mtoto. Alikuwa mwepesi. Mikono niliyoiacha imejaa mikunjo ya unono sasa ilikuwa mikono ya mtoto mwingine, na nepi ilimpwaya. Maziwa ya kopo yalimharisha, uji mwepesi ulimharisha, na mama hakuniambia kwa sababu hakutaka nirudi nikamnyonyesha maziwa ya mimba. Nilifungua blauzi palepale. Mwanangu akaliona ziwa, akapiga yowe, akajipinda kumtafuta bibi yake.

Asubuhi tulikwenda zahanati sote watatu. Muuguzi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimpima mtoto, akaandika kwenye kadi. Mstari uliokuwa ukipanda vizuri tangu kuzaliwa ulikuwa umeporomoka. Akatusikiliza, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Kisha akaosha mikono, akamminya mama yangu ziwa taratibu. Likatoka tone, la majimaji lakini jeupe. Akaniminya mimi. Hakikutoka kitu.

Sijawahi kuaibika vile. Mama yangu ana wajukuu sita, na alikuwa na tone.

"Kunyonyesha kwenyewe huzichelewesha siku au kuzivuruga," muuguzi akaniambia. "Hata mimba ingekuwepo, ungekuja tukuangalie, mara nyingi mama huendelea kunyonyesha bila shida. Wewe mwalimu hukujua?" Nikaitazama kadi ya mtoto. Akaendelea: "Maziwa huitwa na kunyonywa. Kama la bibi limeitika, lako litashindwaje? Lakini lazima anyonye kwako. Kwako, si kwa bibi."

Akanipa mpira mwembamba wa kulishia watoto wagonjwa. Ncha moja iingie kwenye kikombe cha maziwa, nyingine ilale kwenye chuchu, ili akivuta apate kitu asikate tamaa. Chupa marufuku. Nijikamue kila baada ya saa mbili hata kama hakitoki kitu. Na baada ya wiki moja, kama uzito haujapanda, akalazwe mjini.

Wiki moja. Nilijikamua mpaka vidole vikafa ganzi. Nilijiosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa maji ya moto, nikafikiri labda uchungu umeingia ndani ya ngozi. Nilikunywa uji wa ulezi mpaka nikauchukia. Nilijifunga kanga ya mama yenye harufu yake ya moshi na karafuu, nikajaribu kumdanganya mtoto kuwa mimi ni yeye. Hakudanganyika. Kila nilipomsogeza kifuani alikaza shingo na kulia mpaka sauti ikakauka, kisha mama alimchukua, naye akatulia. Maziwa tulimnywesha kwa kikombe, nusu yakimwagika shingoni. Alianza kulala muda mrefu mno. Nilikuwa nampapasa unyayo ili aamke, akiamka ananikataa, na mimi nampapasa tena.

Nilimchukia mama yangu. Naliandika kama lilivyokuwa. Nilimchukia kwa kuwa mwanangu alimpenda.

"Umenipora mtoto," nilimwambia siku ya tano. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.

"Nani alimtia uchungu mdomoni?"

"Wewe ndiye uliniambia!"

"Nilikuambia uache. Sikukuambia umpake uchungu huku mnatazamana. Mimi wanangu nilikuwa nawapeleka kwa bibi yao, nikaondoka nikilia. Ziwa langu halikuwahi kuwa baya kwa mtoto."

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye migomba. Alisema kweli, na aliyenijibu ndiye aliyenituma. Sote wawili tulimpenda mtoto huyu, na ndiye tuliyekuwa tukimuua.

Siku ya sita mama alitoka asubuhi bila kuaga. Akarudi kabla jua halijawa kali, ameshika kitu kwenye jani la mgomba, akaingia chumbani akarudishia mlango. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, nimebandika mpira kifuani, kikombe kando, mtoto amejikaza analia kama kawaida. Mama akatoka, akakaa ubavuni mwangu, akanyoosha mikono. Nikampa. Sikuwa na nguvu za kubishana.

Mtoto akalikimbilia ziwa la bibi yake kwa kinywa wazi. Akavuta mara mbili. Akaacha.

Uso ule niliujua. Ulikunjamana vilevile, na macho yakamtazama bibi yake vilevile, yakingoja maelezo. Kwenye ngozi ya mama, juu ya chuchu, niliona ule utomvu wa manjano.

"Mama, umefanya nini?"

"Mchukue," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mchukue sasa hivi, kabla hajanisamehe."

Akamfuta mtoto mdomo kwa kitambaa chenye maji, mara ya kwanza, mara ya pili, akanikabidhi. Akachota maziwa ya kikombe kwa kijiko, akayadondosha juu ya ziwa langu, tone moja moja, yakateremka mpaka kwenye chuchu. Mwanangu alikuwa analia kwa namna ambayo sijaisikia tena na sitaki kuisikia, kilio cha mtu aliyefukuzwa nyumba zote mbili. Tone likamwangukia mdomoni. Akalamba. Akanyamaza, akavuta pumzi, akanusa. Mama akadondosha jingine.

Akashika. Alishika kwa woga, akaachia, akashika tena, jicho moja juu yangu. Mpira ukajaa weupe. Mama alikuwa ameacha kijiko hewani, na mimi sikuthubutu hata kumeza mate.

Tulipimwa siku ya saba. Uzito haukupanda, ila haukushuka, na muuguzi akatupa siku nne, akasema hatazidisha hata moja. Siku nne hizo mtoto alinyonya kwangu tu. Nilichubuka, nikavuja damu, nikauma kona ya kanga kila aliposhika. Mama hakumbeba tena. Alipika, alifua nepi, na mtoto akilia alitoka nje kabisa ya nyumba, akasimama kwenye mibuni mpaka kilio kikate.

Siku ya kumi, mchana, kikombe kilikuwa kimekwisha na mpira umekauka, lakini mtoto hakuachia. Nikauchomoa taratibu. Akaendelea kuvuta. Nikainama nikasikiliza, na koo lake dogo likafanya kale kasauti, kimya, kasauti tena.

"Mama!" nikaita. "Mama, njoo, anameza! Anameza ya kwangu!"

Akaja, akasimama mlangoni. Alikuwa amejifunga kanga kifuani kwa nguvu, fundo kubwa mbele, kama nilivyojifunga mimi kule Kingolwira. Kwa zile sauti za mtoto kanga ilikuwa imelowa maziwa mahali pawili.

Nikampungia mkono aingie aone. Hakuingia.

"Namsikia," akasema. "Usimlete karibu yangu leo. Asije akanusa."

Akaenda nje kumenya ndizi za mchana.